Neno "seiche": linatamkwaje, limetoka wapi, na huku Kigoma tuliiteje?

#1 MwangaKusini
Wakuu, heshima kwenu.

Naandaa kipindi cha redio kuhusu Ziwa Tanganyika, cha kusikilizwa na wavuvi na wachuuzi wa dagaa kuanzia Kagunga mpaka Kalya. Kwenye maandishi ya wataalamu nakutana kila mara na neno la Kiingereza *seiche*. Maana yake naipata: maji ya ziwa zima yanayumba. Upande huu yakipanda, upande ule yanashuka, kisha yanageuziana, hivyo hivyo mpaka yatulie. Halifanani na wimbi linalokuja kuvunjikia ufukweni. Upepo ukiyasukuma maji kwa muda mrefu halafu ukakoma, au kanieneo ya hewa ikibadilika ghafla, au ardhi ikitetemeka, ziwa linaanza kuyumba.

Nimekwama pa tatu. Linatamkwaje? Limetoka lugha gani, maana kwa sura halina Uingereza ndani yake? Na mvuvi wa Katonga nimwambie nini kwa Kiswahili anielewe bila kumsomesha fizikia?

Uzi tayari.

#2 JembeLaKasulu
Siti ya mbele kabisa. Wataalamu waje.

#3 MwalimuUjiji
Linatamkwa "seshi", sh ya shamba, na ile e ivutwe kidogo kuelekea i. Wanafunzi wangu wote husoma "seichi", na siwalaumu, ndivyo lilivyoandikwa.

Ni Kifaransa cha Uswisi, cha watu wa kandokando ya Ziwa Geneva. Aliyelitangaza duniani ni François-Alphonse Forel, mzaliwa wa Morges, mji ulio ufukweni mwa ziwa hilo hilo. Alilichunguza ziwa lake maisha yake yote, akaandika juzuu tatu juu yake, na ndiye anayehesabiwa baba wa elimu ya maziwa. Lakini neno hakulitunga yeye. Wenyeji walikuwa nalo midomoni zamani, yeye akalichukua akalipa hesabu.

#4 SautiYaKibondo
Mwalimu, nimefungua kamusi ya Kifaransa hapa. Seiche ni ngisi! Sasa ngisi na Ziwa Tanganyika wapi na wapi?

#5 KilwaMasoko
Ngisi tena? Nyie watu wa maji baridi mtatumalizia samaki wetu kwa majina. Seiche ya Kifaransa ni dome, yule mpana mwenye gamba jeupe mgongoni, lile tunaloliokota ufukweni. Ngisi ni mwembamba. Ukija Kilwa ukamwita dome ngisi utauziwa bei ya mgeni.

#6 MwalimuUjiji
#4 na #5, hayo ni maneno mawili yaliyokutana sura tu. La dome limetoka kwenye Kilatini, *sepia*. La ziwa lina njia yake, na hapo ndipo wasomi hawaelewani. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba linatokana na *siccus*, yaani kavu, kwa sababu maji yakivutwa upande wa pili ufukwe unabaki mkavu. Mimi naliamini hilo. Mtu wa ufukweni huita jambo kwa kile anachokiona mbele ya miguu yake, na wa kwanza kuona ni ukavu.

#7 FundiGatini
Mwalimu naheshimu, lakini usilifunge jalada. Kamusi kubwa za Kiingereza zinaandika asili yake haina uhakika, na zinataja Kijerumani: neno la kushuka au kuzama kwa maji. Uswisi Kijerumani na Kifaransa vinaishi nyumba moja. Kwa nini neno lisiruke ua?

Na hiyo ya "kavu" ina harufu ya maelezo yaliyokuja baadaye. Mtu analikuta neno, analitafutia Kilatini linalofanana nalo, basi.

#8 MwalimuUjiji
Na ya Kijerumani nayo je? Si ni kufanana vile vile?

#9 FundiGatini
Ndiyo maana nasema jalada libaki wazi.

#10 BintiBuhigwe
Niongeze kidogo halafu niwapishe. Kabla ya Forel, mwaka 1730, kuna Fatio de Duillier aliyeandika habari za maji ya Ziwa Geneva kupanda na kushuka. Forel alifanya kazi hii karne ya 19, na ni karne hiyo hiyo Kiingereza kililipokea neno. Kwa hiyo #1 una haki kuona halina Uingereza ndani yake. Ni mgeni aliyepewa kiti.

#11 MuhaUghaibuni
Wakuu, mimi niko Marekani kwenye yale maziwa makubwa, na huku neno hili limo kwenye habari za hali ya hewa. Ziwa Erie limelala kuelekea upande unaotoka upepo. Dhoruba ikivuma kutoka kusini magharibi, maji ya Toledo yanakimbilia Buffalo, na tofauti ya kimo kati ya miji hiyo miwili inaweza kuzidi mita 2. Huku boti zinakaa kwenye tope, kule maji yanaingia barabarani. Na Chicago tarehe 26 Juni 1954, maji ya Ziwa Michigan yalipanda ghafla yakawazoa watu waliokuwa wanavua kwa ndoano kwenye gati la Montrose. Hapa wakikwambia kuna seiche, unasogeza gari.

#12 BintiBuhigwe
Mkuu #11, magazeti ya huko yanalitanua neno. Upepo unapoyalundika maji Buffalo, ule bado ni mlundikano wa upepo. Seiche inaanza pale upepo unapolegea, maji yakarudi Toledo, yakapitiliza, yakarudi tena. Kusukumwa ni jambo moja na kuyumba ni jambo jingine. Hata ile ya Chicago 1954, siku hizi wapo wanaoiweka kwenye kundi la tsunami za hali ya hewa, yaani wimbi lililoendeshwa na kanieneo ya hewa na kusafiri nayo.

#13 MuhaUghaibuni
Dada, wewe mwite mjomba au baba mkubwa, aliyezolewa na maji amezolewa. Ila kwa kipindi cha redio, sawa, ni vizuri kutenganisha.

#14 JembeLaKasulu
Kwani tsunami na hii seshi vinatofautiana nini?

#15 BintiBuhigwe
Tsunami inasafiri kutoka ilipoanzia. Seishi inakaa kwenye chombo chake na kupiga kwa vipindi sawa, kwa sababu ina kingo pande zote za kuirudisha. Moja inaweza kuzaa nyingine. Septemba 2023 mlima ulimomonyoka ukaangukia hori la bahari la Dickson huko Greenland, ikatokea tsunami, na baada ya hapo maji ya hori yakabaki yanayumba siku 9. Kila sekunde kama 92 yanakwenda na kurudi. Mitambo ya kupima matetemeko dunia nzima iliinasa sauti hiyo, wataalamu wakabaki wanaulizana ni nini. Na tetemeko la Lisbon la 1755 liliyumbisha maji ya Loch Lomond, Uskoti, mbali kiasi hicho.

#16 MnyamweziWaIgombe
Salamu kutoka Tabora. Mnazungumza kana kwamba mpaka uwe na ziwa ndipo uijue. Seshi kila mwanamke wa huku amewahi kuibeba kichwani. Ndoo ya maji ukitembea nayo kwa mwendo mmoja, maji yanaanza kupiga: mbele, nyuma, mbele, nyuma, na mwendo wako ukilingana na pigo la maji yanamwagika hata kama ndoo haikujaa. Ndiyo maana mama zetu wanatupia tawi la majani juu ya ndoo. Majani yanavunja lile pigo. Na mtu akibadilisha hatua kidogo, maji yanatulia. Kila chombo kina pigo lake kulingana na upana na kina. Ndoo ina lake, Bwawa la Igombe lina lake, Tanganyika lina lake.

MwangaKusini, hilo mweleze mvuvi wako, na mkewe atalielewa kabla yake.

#17 KilwaMasoko
Tabora mna maembe na asali, sasa mnataka na ziwa?

#18 MnyamweziWaIgombe
Maji ya Ziwa Victoria yanafika Tabora kwa bomba mkuu. Tumelileta ziwa nyumbani.

#19 MwangaKusini
#16 umenipa kitu kikubwa, ahsante sana. Sasa swali linafuata: pigo la Tanganyika ni refu kiasi gani? Kuna mtu wa hesabu?

#20 KikokotooMkononi
Ipo kanuni ya Merian, rahisi. Chukua urefu wa ziwa mara mbili, gawanya kwa mwendo wa wimbi refu. Mwendo huo unaupata hivi: zidisha kina kwa nguvu ya uvutano, kisha chukua kipeuo cha pili cha jibu. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na ushei, kina cha wastani mita 570 hivi (kile cha 1,470 ni pale penye kina kuliko pote, usikitumie). Kipeuo kinatoa mita kama 75 kwa sekunde. Kilomita 1,340 gawanya kwa hiyo, unapata sekunde zisizopungua 17,800, ambazo ni karibu saa tano.

Kwa hiyo maji yakienda Mpulungu, Zambia, na kurudi Bujumbura, yanachukua kama saa tano nzima.

#21 BintiBuhigwe
Ichukue kama makadirio tu. Kanuni hiyo inadhani ziwa ni sanduku lenye sakafu bapa. Ukiitumia Geneva, kilomita 73 na kina cha wastani mita 154, unapata dakika 63 hivi, lakini pigo halisi la ziwa lile ni dakika kama 74. Na Tanganyika chini lina mabonde mawili makuu yenye kizingiti katikati, si sanduku.

#22 KikokotooMkononi
Makadirio ndiyo aliyoomba. Mtangazaji hawezi kusoma milinganyo mikubwa hewani.

#23 MzeeWaKibirizi
Vijana, nimewasoma. Nimevua ziwa hili tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za sola. Maji kupanda na kushuka kidogo pale mwaloni bila upepo tunayaona. Ukifunga mtumbwi vibaya unaukuta umekaa juu ya mchanga. Lakini hatukuwahi kulipa jina moja. Mmoja anasema ziwa linahema. Mwingine anasema ni Wakongo kule ng'ambo kumevuma. Mwingine anasema meli imepita.

Na ile ya mwaka 2020 na 2021, maji yalipomeza nyumba na miembe ya ufukweni, nayo ni hiyo seshi?

#24 FundiGatini
Shikamoo mzee. Mimi nasema ilichangia. Ziwa likiwa limejaa, kila mayumbo madogo yanapanda ukutani.

#25 MwalimuUjiji
Marahaba ni ya mzee, mimi nijibu hoja. Ile haikuwa seshi, mzee wangu. Yale yalikuwa maji ya mvua za miaka mfululizo, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka, kimo kinapanda, na kinashuka polepole kwa miaka. Seshi haiongezi hata tone moja, inayahamisha tu yaliyopo. Tanganyika limewahi kufanya makubwa kuliko hayo: Stanley alipolizunguka mwaka 1876 Lukuga ilikuwa imezibwa na matope na matete, maji yakazidi kupanda, muda mfupi baadaye yakaizibua, na ziwa likashuka mita nyingi kwa miaka iliyofuata. Ufukwe wa Ujiji aliouona Livingstone si huu wa leo.

#26 MzeeWaKibirizi
Hapo nimekuelewa mwalimu. Babu zetu walisema maji yalikuwa karibu na mwembe, sisi tukidhani ni hadithi.

#27 MamaDagaa
Naombeni mnijibu na mimi, maana mmeongea maji ya juu tu. Mimi nanunua dagaa mwaloni. Mbalamwezi ikiingia najua hakuna kitu, taa hazivuti, watu wanashona nyavu. Hiyo haina ugomvi. Kinachonisumbua ni giza lenyewe. Giza hili vipe, vyombo vyetu vya kuvulia, vinarudi vimejaa, giza linalofuata vinarudi vitupu, mwezi ni ule ule, taa zile zile, watu wale wale. Mafuta yameungua. Nimekopa hela ya watu. Hiyo elimu yenu ya kuyumba inasemaje?

#28 BintiBuhigwe
Mama, umegusa penyewe. Hapa ndipo neno hili lina kazi kwetu kuliko huko lilikozaliwa.

Ziwa letu lina matabaka. Juu maji ya uvuguvugu, nyuzi 26 hivi. Chini maji ya baridi zaidi, nyuzi 23 na kitu, hayana hewa lakini yamejaa rutuba. Hayachanganyiki kirahisi. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unavuma mfululizo, unayasukuma maji ya juu kuja kwetu kaskazini. Juu huoni kitu, tofauti ya kimo ni ndogo mno. Lakini kule chini mpaka wa matabaka unainama kwa makumi ya mita: kwetu unazama, kule kusini unainuka na rutuba inakaribia mwanga. Upepo ukilegea, mpaka ule unaachiwa na kuanza kuyumba kama maji yanavyoyumba juu, ila polepole mno, kwa sababu uzito wa tabaka hizi mbili unapishana kidogo sana. Pigo lake moja ni wiki tatu mpaka nne. Hiyo ndiyo seishi ya ndani.

Rutuba ikipanda, vijimea vinaota, vijidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa. Chakula kikiyumba, dagaa wanahama nacho.

#29 MzeeWaKibirizi
Wiki nne ndio mwezi huo huo, mwanangu. Utajuaje ni hilo bembea lako la chini wala si mwezi?

#30 BintiBuhigwe
Ndiyo ugumu wenyewe, mzee. Vipindi viwili vinakaribiana. Mwezi una siku 29 na nusu. Seishi ya ndani haina kalenda, inabadilika na joto la maji na upepo wa mwaka ule, kwa hiyo mara inakwenda pamoja na giza, mara inapishana nalo. Vikigongana vizuri, mama anajaza magunia. Vikipishana, ndiyo giza tupu analolisema.

#31 FundiGatini
Hapo mimi napinga. Mnalipa sifa neno zuri la Kifaransa wakati nyavu zenye macho madogo zipo. Ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wapumzike. Serikali haikufunga kwa sababu ya kuyumba, ilifunga kwa sababu tumevua kupita kiasi.

#32 SautiYaKibondo
Na joto je? Mwaka 2003 utafiti ulitoka kwenye jarida la *Nature* kwamba ziwa limepata joto, tabaka la juu limekuwa jepesi zaidi, maji hayachanganyiki kama zamani, na rutuba inayopanda imepungua. Hata kuyumba kwenyewe kunafifia kazi.

#33 MamaDagaa
Basi ni mwezi, ni kuyumba, ni nyavu, ni joto. Hakuna hata moja linalonirudishia mtaji, lakini ahsanteni, angalau sasa najua hakuna mtu aliyeniroga mwalo wangu.

#34 MzeeWaKibirizi
Hilo la kurogwa tusilipitie haraka mama, limevunja undugu wa watu wengi pale mwaloni. Mtangazaji, liseme redioni.

#35 JembeLaKasulu
Nimefikiria jina. Tanganyika si "kuchanganyika"? Ziwa linaitwa la kuchanganyika na maji yake hayachanganyiki!

#36 MwalimuUjiji
Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba jina linatokana na kukutana, mahali maji yanapokutana. Stanley akaja na lake: maji yaliyotandaa kama nyika. Wote wawili walikuwa wageni wakiuliza kupitia wakalimani. Kwa hiyo usijenge nyumba juu ya jina, Jembe.

#37 FundiGatini
Mwalimu leo wewe ndiye unayeacha jalada wazi.

#38 KilwaMasoko
Turudi kwa mwenye uzi. Sisi pwani tuna maji kupwa na maji kujaa. Mpe mvuvi hayo, atalala salama.

#39 MwalimuUjiji
Hapana. Kupwa na kujaa ni kwa mwezi na jua, na saa zake zinajulikana. Ziwani nguvu hiyo ni ndogo hata huwezi kuiona. Ukimwambia mvuvi "ziwa linapwa" ataanza kuutazama mwezi, na tayari mwezi umemchanganya vya kutosha kama mlivyoona hapo juu.

#40 MnyamweziWaIgombe
Mzee wa Kibirizi ameshalitaja bila kulitafuta, post #29: bembea. Bembea la ziwa. Inakwenda, inarudi, ukiiacha inatulia yenyewe, na ukiisukuma kwa wakati wake inazidi.

#41 BintiBuhigwe
"Bembea la ziwa" kwa ya juu, na "bembea la chini" kwa ile ya wiki nne. Mimi nakubali. Kwenye ripoti tuandike seishi, kwenye redio bembea.

#42 FundiGatini
Bembea ni mchezo wa watoto. Mtu aliyepoteza mtumbwi hatapenda. Mimi nashika la wenyeji: ziwa linahema. Limo kwenye #23, halikutungwa kwenye kibodi.

#43 MzeeWaKibirizi
Kuhema kunafaa maji yakipanda na kushuka mahali pamoja. Lakini binti anasema huku yanapanda kule yanashuka. Kifua hakihemi upande mmoja.

#44 MwangaKusini
Wakuu, nimeandika hivi, nitausoma kesho jioni baada ya matangazo ya vifo:

"Msikilizaji, upepo wa kusini unapovuma miezi yote ya kiangazi, unayasukuma maji ya juu kuja kwetu na kuyainamisha maji ya chini. Upepo ukikoma, ziwa linabembea. Juu linabembea kwa saa, chini linabembea kwa wiki. Dagaa wanafuata chakula, na chakula kinafuata bembea hilo. Ukirudi mtupu kwenye giza, usimtafute mchawi."

#45 MamaDagaa
Ongeza na nyavu za macho madogo, mwanangu, tusije tukawapa watu pa kujifichia.

#46 FundiGatini
Mama amesema. Na "linabembea" libadilishe liwe "linahema", bado sijakubali.